Picha Iliyoelekea Ukutani

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo hapo, darasa la tatu, hata daftari halijajaa. Miaka miwili nilibeba ndizi kichwani kutoka Busale mpaka Kyela mjini. Mwaka wa tatu fundi mmoja wa picha pale Bondeni akanipa ufagio wa studio yake. Sikuurudisha. Niliushika mpaka nikashika kamera, na fundi alipozeeka nikashika na studio. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza cheti. Cheti changu ni nyuso. Tembeeni majumbani, kuanzia Katumba Songwe mpaka ziwani, mwangalie picha za marehemu ukutani. Nyingi nilizitoa mimi.

Nyie vijana mnaokaa siku hizi na laptop na printa mkijiita mafundi picha, nawaandikia mambo mawili. La kwanza ni kikuzaji, kile kifaa kilichomo ndani ya laptop yenyewe, ambacho wengi wenu hamkijui kwa sababu macho yenu bado ni mazima. La pili ni kosa langu. Nilikuwa nimejiapiza kutolisema.

Nianze na kikuzaji.

Jicho langu la kushoto lilianza kuweka ukungu kabla ya la kulia. Nikawa natazama laptop kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi. Siku moja nikiwa naandika jina la marehemu kwenye ratiba ya mazishi, kidole kikateleza, na kioo chote kikafura. Herufi moja ikawa kubwa kama jembe. Nikisogeza kipanya kushoto, dunia nzima inakimbia kulia. Nilisimama, nikakemea kwa jina la Yesu, nikachomoa waya, halafu nikachomoa na betri.

Kulikuwa na mteja amekaa kwenye benchi, Bwana Shomari, karani wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi. Alikuwa anasubiri picha zake za pasipoti.

"Bibi," akasema, "umemfukuza nani?"

"Aliyeingia humu."

"Hajaingia mtu. Umebonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na cha kujumlisha. Washa nikuonyeshe."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi jicho langu la kulia halioni tangu utotoni. Ofisini wanadhani nina maringo, kumbe nasoma kwa kikuzaji."

Yule bwana alinifundisha kwa nusu saa, nami sikumdai hela ya pasipoti. Shikeni na nyie. Dirisha na kujumlisha, kioo kinakua. Dirisha na kutoa, kinapungua. Dirisha na Esc, unatoka, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Ctrl na Alt na L, inakuja lensi, yaani kipande cha mraba kinachofuata kipanya. Mahali kinapopita panakua, pengine pote panabaki padogo. Kwa uso wa mtu mimi hutumia lensi. Kioo kizima kikifura unapotea ndani ya shavu la mtu usijue mdomo uko wapi.

Kuna na Ctrl na Alt na I. Hii inageuza rangi: nyeupe inakuwa nyeusi na nyeusi nyeupe. Siku ya kwanza kuibonyeza nilikuwa na picha ya mchungaji kwenye kioo. Meno yake yakawa meusi, mboni zikawa matundu yenye mwanga. Bwana Shomari akashtuka. Mimi nikacheka, maana nilikuwa nimekutana na rafiki wa zamani. Ile ilikuwa negativu. Miaka ishirini nilifanya kazi na watu wa namna ile, wenye nywele nyeupe na macho yanayowaka, wakielea kwenye maji ya dawa chumbani gizani. Tangu siku hiyo mtu akiniletea negativu ya zamani, naiweka juu ya karatasi nyeupe dirishani, naipiga kwa simu, naihamishia kwenye laptop, nabonyeza Ctrl na Alt na I, na marehemu anatokea na ngozi yake.

Lakini sikilizeni: kikuzaji hakibadilishi picha. Kinabadilisha unachokiona wewe tu. Ukichapisha, printa itatoa negativu ile ile, ndogo vile vile. Nimeharibu wino mwingi kabla ya kulielewa hilo.

Na msikuze kupita kiasi. Ukizidisha, laptop inalainisha kingo za vitu, na jicho lako linaanza kujaza lisichokiona. Nimewahi kuona kope ikicheza. Haikucheza. Nilikuwa nimekaa na uso ule tangu asubuhi.

Sasa kosa.

Zamani picha ilikuzwa kwa mashine chumbani gizani. Unaweka negativu juu, taa inapita, uso unaanguka kwenye karatasi chini. Negativu ina pande mbili. Upande mmoja unang'aa, upande mwingine ni butu, umepakwa utando wa dawa. Utando lazima uangalie chini, kwenye karatasi. Ukikosea, picha inatoka safi kabisa, ila mtu amegeuka: kushoto kwake kumekuwa kulia.

Gizani huoni upande butu. Kwa hiyo fundi wangu alinifundisha mdomo. Unalowesha midomo, unagusisha kona ya negativu. Upande unaonata ndio wenye utando.

"Mdomo haudanganyi," alikuwa akisema. "Vidole vina sugu, macho yana kiza. Mdomo ukimbusu mtu, utajua umembusu upande gani."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Nimebusu nusu ya wilaya, wengi wao sasa wako chini ya udongo.

Mwaka 1984 alikuja studio mtu wa Ikombe anaitwa Lwitiko. Ikombe ni kule ng'ambo ya Matema, kwa Wakisi wafinyanzi. Mkewe alifinyanga vyungu na yeye alivisafirisha kwa mtumbwi kuvipeleka mnadani. Alitaka picha ya kitambulisho. Nikamvalisha koti la studio kama nilivyowavalisha wengine wote, maana wanaume hawakuwa na makoti, na picha bila koti waliiona ni ya mfungwa. Nikampiga kuanzia mabegani kwenda juu, akaondoka.

Miezi miwili baadaye upepo ulimkuta ziwani. Vyungu vilionekana kesho yake, vitupu, vinaelea midomo juu, vimejipanga kuelekea Matema kana kwamba bado kuna mtu anavisukuma. Mtumbwi ulipatikana. Lwitiko hakupatikana.

Ndugu zake wakakumbuka picha. Wakatuma mtu kwangu: itolewe kubwa, kesho asubuhi, iwekwe pale ambapo mwili ungewekwa, watu walie mbele yake. Mjumbe alinikuta nakula. Niliacha chakula nikaingia gizani moja kwa moja. Nilikuwa nakula magimbi kwa mawese.

Mmeshaelewa, kama mmezaliwa Kyela. Mawese hayaondoki mdomoni kwa kulamba. Niligusisha upande mmoja, haukunata. Nikagusisha wa pili, haukunata. Ningetoka nikanawe kwa sabuni. Sikutoka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona fundi kuliko fundi wangu. Nikaweka negativu kwa kukisia, nikatoa picha, nikaitia fremu, nikaipeleka mwenyewe.

Waliiweka juu ya mkeka. Vilio vikapanda, watu wakasema ndiye, ndiye kabisa. Wakamleta mjane, Anyisile, mdogo kuliko mimi, tumbo lina miezi mitano. Akapiga magoti akamtazama mumewe. Akanyamaza. Wengine nao wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja, mpaka tukasikia maji ziwani.

"Anafanana naye," akasema. "Siye."

Shemeji yake akamwambia, "Mtazame vizuri. Ni huzuni."

"Nimemtazama. Huyu ananitazama kwa upande ambao Lwitiko hakuwa nao. Mtoeni."

Na mimi, kwa sababu ni kazi yangu iliyokuwa inatukanwa mbele ya watu, nikasema kwa sauti: "Mwanamke akimkana mumewe kwenye picha, muulizeni anamtafuta nani."

Maneno hayo yalivuka ziwa kabla yangu. Nilipofika Kyela niliyakuta yananisubiri.

Miaka ikaenda. Fundi wangu akafa, filamu zikafa, mafuriko yakaingia studio yakachukua sanduku la negativu. Nikanunua kamera ya kidijitali, kisha laptop. Lwitiko sikumfikiria tena.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, mchana, alikuja mwanamke wa makamo, kavaa kama mwalimu. Ziwani siku hiyo walikuwa wameinuka wale wadudu wadogo, nguzo nyeusi zinazosimama juu ya maji kama moshi usio na moto, na baadhi yao walikuwa bado kwenye nywele zake.

"Mwagonile, bibi," akanisalimu.

"Nimeamka. Pasipoti au harusi?"

"Nimemleta baba."

Akaweka mezani kitu kilichofungwa kitenge, akakifungua. Ilikuwa fremu, imelala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka.

"Mbona umemlaza hivyo?"

"Ndivyo anavyokaa kwetu tangu nizaliwe, ameangalia ukuta. Mama hakutaka kumtupa, hakutaka kumwona. Mimi nikipita sebuleni usiku nilikuwa nasalimia mgongo wake." Akatabasamu kidogo. "Naitwa Subilaga. Wa Ikombe. Mama yangu ni Anyisile."

Nikamgeuza yule mtu. Uso ulikuwa safi, haujaguswa na moshi wala jua. Miaka arobaini hajazeeka hata siku moja.

"Unataka nini, binti?"

"Mama hanyanyuki tena kitandani. Baba mdogo amesema akifa atarudishwa kwao, hatazikwa kwenye makaburi ya ukoo wa baba, kwa sababu alimkana. Na mimi wananiita mtoto wa ziwa, asiye na baba. Kuna msemo ulisemwa msibani, wanaurudia mpaka leo."

"Msemo gani?"

Akaniambia msemo wangu. Hakujua ni wangu.

"Nikuzie huyu mtu," akasema. "Nimtazame kipande kwa kipande. Kama kuna changu humo, nikione kabla mama hajaondoka."

Nikaitoa kwenye fremu, nikaipitisha kwenye skana, nikaifungua kwenye laptop. Mvua ikashuka juu ya bati, tukaacha kusikiana. Umeme ukakatika. Chumba kikawa giza saa saba mchana, ukabaki uso peke yake unawaka kwa betri. Nikaita lensi.

Nilianza na paji la uso. Nikashuka kwenye nyusi. Lensi ilipofika kwenye jicho, jicho likainuka likajaza ule mraba, kubwa kama sahani, na pembeni yake uso mwingine wote umebaki mdogo, umetulia, kana kwamba jicho lile limesogea mbele peke yake kutuangalia. Subilaga akarudisha kiti nyuma.

"Endelea," akasema.

Sikio. Akashika lake. "Hili ni langu." Pua. "Hii pia." Mdomo, nao ulipinda kidogo kona moja. Akatoa kioo kidogo kwenye mkoba, akajitazama, akatazama laptop, akajitazama tena. Mdomo wake nao ulipinda.

"Bibi, huyu anafanana nami. Ila anafanana nami nikiwa kwenye kioo. Nikiwa mwenyewe, hatufanani."

Mkono wangu ulikuwa bado unasukuma kipanya. Lensi ikateremka shingoni, ikafika kwenye kola ya koti. Hapo nikaona doa.

Doa lile nililitia mimi kwa pasi ya mkaa mwaka wangu wa pili studio. Dogo kama punje ya mpunga, kwenye kola ya koti jeusi. Kwa macho matupu huwezi kuliona pichani. Lakini kila mwanaume niliyemvalisha, nilisimama mbele yake nikailaza kola, na doa lilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Nililificha kwa dole gumba miaka kumi na tatu. Kwa hiyo pichani lazima liwe kulia. Kwenye laptop lilikuwa kushoto.

Nilifungua picha nyingine za zamani nilizowahi kuzihifadhi humo. Wanaume tisa, wote wamevaa koti lile lile, wote wamekufa. Nikapitisha lensi kwenye kola zao mmoja mmoja. Kulia. Kulia. Kulia. Tisa wote kulia. Nikarudi kwa Lwitiko. Kushoto.

Ladha ya mawese ilinijaa mdomoni. Sikuwa nimeyala wiki nzima.

Sasa nawaambia ukweli, maana ndio sababu ya kuandika. Hakuna mtu hai aliyejua habari ya doa isipokuwa mimi. Binti hakuliona. Ningeweza kusema picha imechakaa, haisomeki, nenda salama. Nikabonyeza dirisha na Esc, uso ukarudi kuwa mdogo.

"Umeona nini?" Subilaga akauliza.

"Rudi kesho."

"Bibi, mama hana kesho nyingi."

Nilikaa. Mvua ikapiga. Yule mtu akanitazama kwa upande ambao hakuwa nao.

"Msemo ule niliusema mimi," nikamwambia. "Na mama yako alikuwa sahihi."

Sikuwa na uhodari wa kumtazama wakati namweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga fremu tupu kwenye kitenge, akasema, "Hayo usiniambie mimi. Njoo uwaambie wao."

Kesho yake tulikwenda, pikipiki mpaka Matema, kisha mtumbwi. Nilibeba laptop kwenye mfuko wa nailoni, na koti. Ndiyo, koti lipo. Mafuriko yalichukua negativu yakaniachia koti.

Baba mdogo wa Subilaga, Mzee Ambakisye, alikuwa amekaa mlangoni pa mjane na wazee wawili. Alinitambua.

"Mama Picha. Umekuja kupiga picha msiba mwingine?"

"Nimekuja kukwambia kwamba yule niliyemleta mwaka ule nilimgeuza. Shemeji yako hakumkana kaka yako. Alikataa kosa langu."

"Miaka arobaini ndiyo unakumbuka?"

"Sikukumbuka. Nimeona."

"Watu wote walisema ni yeye."

"Wote hamkulala naye uso kwa uso."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Ambakisye hakucheka. Nikakunjua koti. "Vaa hili."

Akaliangalia. Alijua ni koti gani. "Hilo wamelivaa marehemu wangapi?"

"Wengi. Vaa."

Alipoingiza mikono wale wazee walisogea kidogo, maana alikuwa na mabega ya kaka yake. Nikailaza kola, nikawaonyesha doa, upande wa mkono wangu wa kulia. Nikafungua laptop kando ya shingo yake, nikaita lensi, nikawaonyesha lile la Lwitiko. Wakatazama koti, wakatazama kioo. Halafu nikabonyeza pale panapogeuza picha kushoto kwenda kulia. Kazi ya sekunde moja. Doa likahama. Mdomo ukapindia upande wa pili.

Ambakisye akaketi chini, amevaa koti bado.

"Kaka," akasema. Si kwangu.

Tukaingia ndani. Anyisile alikuwa amelala ameangalia ukuta, mdogo kama mtoto. Subilaga akamgeuza taratibu, akamweka mto. Macho yake yalikuwa na ukungu kuliko yangu. Picha ya karatasi asingeiona. Nikaweka laptop mapajani pangu, nikabonyeza dirisha na kujumlisha, mara moja, mara mbili, mpaka Lwitiko akajaza kioo chote. Mwanga wake ukaanguka usoni pa mkewe.

Alitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akagusa ile kona ya mdomo iliyopinda.

"Umekaa sana njiani," akamwambia.

Ambakisye, kutoka mlangoni, akasema, "Shemeji, utalala kwetu. Ubavuni kwa kaburi tupu lenye jina lake. Na binti ni wetu."

"Nilikuwa kwenu siku zote," Anyisile akajibu, hakumgeukia. Halafu akanitafuta kwa macho. "Ndaga fijo, asante sana, Mama Picha. Na yule mwingine?"

"Yupi?"

"Uliyemleta mwanzo. Amekaa nyumbani kwangu miaka yote, hakunisumbua, nilimpa ukuta akatulia. Sasa mwenyewe amerudi. Yeye ataenda kwa nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mwingine, ni karatasi, ni mawese, ni utando uliotazama juu. Nilimtazama Subilaga, naye alikuwa anasubiri jibu kama mama yake.

"Kwangu," nikasema.

Anyisile alizikwa baada ya wiki tatu, ubavuni kwa jina la mumewe, vyungu viwili vyake kichwani pa kaburi. Picha yake iliyotangulia mbele ya jeneza niliitoa mimi, na kabla ya kuitoa niliosha midomo kwa sabuni, ingawa printa haihitaji mdomo.

Mtaniuliza nimebaki na nini. Nina nyumba ya matofali Bondeni, vyumba vitatu, bati jipya upande mmoja. Nina ekari moja ya mpunga Busale. Laptop moja nzima, moja mbovu. Printa. Skana. Kamera mbili zisizo na filamu. Jicho moja na nusu. Koti moja jeusi lenye doa. Na picha moja yenye fremu, sebuleni, imeangalia ukuta, maana ndivyo alivyozoea.